Mlima Mmoja Kutoka Gitega

Usitikise kichupa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnalolikosea kila siku, na kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote nitakayowaambia hapa. Ukishatia maji kwenye unga wa peptidi, mkono wako utataka kutikisa. Umeuzoeza hivyo tangu utotoni, kwa chupa za dawa ya kikohozi. Uzuie. Yaache maji yateremke kwenye ukuta wa kichupa, kisha kiviringishe taratibu kati ya viganja kama mtu anayepasha moto yai. Ukiona povu, umeshaumiza dawa. Ukiona utando kama ute, umeshaiua. Mwaga, osha, anza tena, na usijilaumu sana. Wote tumeua.

Siku ile mliyoniaga pale maabara, nilipostaafu, mlinipa kitenge na saa ya ukutani, mkaniomba maneno ya kutia moyo. Nilisimama, nikasema asante, nikakaa. Baadhi yenu mlidhani machozi yamenizidi. Hapana. Nilikuwa natafuta neno la kutia moyo ambalo pia ni la kweli, nikalikosa. Nimeendelea kulitafuta hapa nyumbani, saa yenu ikigonga juu ya kichwa changu, na bado sijalipata. Lakini nimeona si haki kuwaacha mikono mitupu. Nawaandikia nilichonacho: namna ya kushika dawa hizi, na habari za Mama Keza.

Mliokuja karibuni hamkumkuta. Jina lake Vestine, lakini hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa karani wa mishahara. Alikuwa akiosha vyombo vyetu: chupa, silinda, mirija, kila kitu cha kioo kilichopita mikononi mwetu. Alikaa mtaa wa Gitega, Kigali, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya bati, na bintiye Keza anayeuza parachichi na nyanya. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kabla hajaanza kazi kwetu. Mimi nilizaliwa Karagwe kwa wazazi Wanyarwanda, Kiswahili changu ni cha shule za Tanzania; yeye Kiswahili chake ni cha mitaa ya Kigali, na alikuwa akinicheka kwamba naongea kama redio.

Chumba chake cha kuoshea kilipakana na benchi langu. Kwa hiyo kila nilichokuwa nikiwaeleza wanafunzi, yeye alikisikia, na akishasikia aliuliza. Sijawahi kupata mwanafunzi mwenye maswali mazuri hivyo, na sisemi alijua kuliko wenye shahada. Hakujua. Alikuwa na sababu tu ya kutaka kujua.

Nilimweleza peptidi kwa shanga. Fikiri uzi wenye shanga zilizopangwa kwa mpangilio maalumu. Shanga hizo ni asidi amino, na mpangilio wake ndio ujumbe. Unapokula, utumbo hutoa uzi mmoja wa namna hiyo ukaingia kwenye damu. Kongosho likiupata linajua kwamba chakula kimefika, linatoa insulini. Tumbo likiupata linapunguza mwendo. Ubongo ukiupata unasema basi, nimeshiba. Shida ni kwamba mwilini kuna kimeng'enya kama mkasi, kinaukata uzi ule mara moja, kabla haujafanya kazi ya maana. Watu wa utafiti wakabadilisha shanga moja pale mkasi unapouma, wakaongeza mkia wa mafuta ili uzi ujishikize kwenye protini za damu, usipotee upesi. Ndiyo dawa hizi zinazozungumzwa dunia nzima sasa. Ni za sukari, na kwa kuwa ubongo unasema basi, ni za kupunguza unene vilevile.

Nikakosea kumwambia kwamba mojawapo ya dawa za kwanza za ukoo huu ilitokana na kitu kilichopatikana kwenye mate ya mjusi mmoja mwenye sumu huko Amerika. Kesho yake nilimkuta amevaa glavu mbili mbili. Nilimwapia kwamba mjusi hahusiki tena, siku hizi kila kitu kinatengenezwa na mashine na wakemia. Akanijibu, "Mama Shema, mjusi akiingia kwa hadithi, iko ndani." Alivaa glavu mbili wiki nzima.

Sasa la milima, ambalo nyinyi mnalitumia bila kujua lilikotoka. Ile mashine yetu inayotenganisha dawa na uchafu wake huchora mstari kwenye skrini. Dawa ikiwa nzima, mstari unakwenda bapa, unapanda mlima mmoja mrefu, unashuka, unakuwa bapa tena. Dawa ikiwa imeharibika, vipande vyake hutoka kila kimoja kwa wakati wake, na kila kipande kinachora kilima chake. Siku moja kundi zima la sampuli lilikuwa limeharibika na skrini ikajaa vilima vya kila kimo. Mama Keza alikuwa anapita na beseni. Akasimama, akatazama, akasema, "Hii si dawa. Hii ni Rwanda."

Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza kabla ya salamu: "Leo iko mlima moja ao Rwanda nzima?" Na ninyi mkiniita nitazame skrini mlikuwa mnasema, "Mama, njoo, tumepata Rwanda." Neno ni lake.

Kuna asubuhi alikuja bila kuuliza. Alikuwa na kichupa cha insulini mkononi, akanipa kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. Alisema muuguzi wa kituo cha afya amempa maji. Alikuwa anajichoma kama kawaida na sukari inapanda tu, macho yanafifia, kiu haikatiki.

Nilikiinua kwenye mwanga. Ndani mlielea nyuzi ndogo nyeupe.

Lazima niwaeleze alivyokuwa akiihifadhi. Hakuwa na friji. Muuguzi alimfundisha chungu chenye mchanga uliolowa maji, kichupa ndani ya mfuko katikati, na njia hiyo ni nzuri, msiidharau. Ilimfaa muda mrefu. Kisha jirani akafungua kibanda cha vinywaji na kuleta friji, akamwambia kwa upendo, lete dawa yako tukuwekee. Mama Keza akawaza kama ambavyo yeyote angewaza: kama baridi ya chungu inafaa, baridi ya friji inafaa zaidi, na baridi ya kule nyuma kabisa, kwenye barafu, ndiyo bora kuliko zote. Akaisukuma huko nyuma ya Fanta.

"Iliganda," nikamwambia.

"Iliganda, ndiyo. Nikayeyusha. Barafu ikiyeyuka si maji yaleyale?"

Nikamwuliza kama yai lililochemshwa likipoa linarudi kuwa bichi. Nikamweleza kwamba insulini nayo ni uzi wa shanga, na uzi huo hauelei ovyo, umejikunja kwa namna yake kama kikapu cha agaseke kilivyosukwa, na barafu inaukanyaga ukakunjuka. Ikiyeyuka, haujikunji tena. Baridi ina mpaka. Andikeni hilo juu ya kila friji mtakayoisimamia: baridi zaidi si bora zaidi.

Akacheka kidogo. "Kumbe nilikuwa najichoma mayai."

Kisha akavua kiatu kunionyesha kidonda kwenye unyayo. Alikuwa amekanyaga kitu, hajui nini wala lini, kwa sababu mguu ulikuwa umeacha kumwambia. Nilimwambia aende kituoni siku hiyohiyo, na akaenda, akapewa insulini nyingine na akasafishwa kidonda. Lakini ninyi mnajua kidonda cha mguu wa namna ile.

Dogiteri Mugisha, mkuu wa maabara, alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo. Ni mtu mwema, na naomba mlisikie hilo kabla sijaendelea. Alikulia Uganda, Kiswahili kinampa taabu, kwa hiyo anapozungumza Kiswahili hasemi neno lisilo na kazi. Aliuliza: "Wangapi hapa Kigali wanaficha dawa nyuma ya Fanta?"

Mradi wetu ulizaliwa na swali hilo. Tulitaka peptidi ya ukoo ule mpya, katika unga mkavu, inayoweza kukaa kwenye kabati la mtu asiye na friji, chini ya bati, msimu wa jua na wa mvua, na siku ya kuitumia iwe bado mlima mmoja.

Hapa nina la kiufundi, na nina la mwalimu wangu. Mzee aliyenifundisha kazi kule Bukoba alikuwa akisema kioo kina njaa. Peptidi zinapenda kung'ang'ania kuta za chombo. Kila unapohamisha kutoka mrija hadi mrija, ukuta unamega kidogo, na ukiwa na dawa chache kwenye maji mengi, unaweza kufika mwisho wa jaribio huna kitu, dawa yote imebaki njiani. Wanafunzi hulaumu mizani, hulaumu mashine, hulaumu mwenzao. Kumbe ni njaa ya kuta. Tumieni mirija iliyotengenezwa isishike, na hamisheni mara chache iwezekanavyo. Halafu, kichupa kikitoka kwenye friza, kiache kipate joto la chumba kabla ya kufungua. Ukifungua kikiwa baridi, hewa inaingia na unyevu wake na unga unalowa hata kabla hujauona. Kaa chini, kunywa chai. Katika kazi hii kuna mambo mengi yanayofanyika vizuri na mtu anayekunywa chai.

Kilichoulinda unga wetu, baada ya kushindwa mara nyingi, kilikuwa aina fulani ya sukari. Inaizunguka peptidi na kukauka nayo kama kioo, na kuishika isikunjuke. Mama Keza alipolisikia hilo aliweka beseni chini. "Dawa ya sukari, mlinzi wake sukari?" Akasema ni kama kumwajiri mwizi kuwa zamu, mlinzi wa usiku. Nikamwambia zamu wengi wa mtaani kwetu ndivyo walivyoanza.

Dogiteri alitaka vichupa vijaribiwe katika nyumba halisi, mbali na lile kabati la joto la maabara ambalo halijui mvua wala moshi wa mkaa. Mama Keza akasema kwake kuna bati, kuna moshi, na kuna kabati, mnataka nini tena. Hakuna aliyeona ubaya. Nami sikuuona. Ilikuwa fahari kwake.

Nilikwenda Agakiriro, kwenye karakana za mafundi kule Gisozi, kwa fundi seremala, nikamwagiza sanduku dogo lenye matundu ya hewa na kufuli. Sikumweleza vya kutosha. Nilipokwenda kulichukua, alikuwa amelipaka vanishi ya kung'aa, amelizungushia nakshi, na ndani ametandika kitambaa chekundu cha mahameli. Alidhani ni la kupelekea zawadi za harusi. Alinipongeza, akaniuliza mtoto gani anaoa. Ilibidi niling'oe mahameli na kuliacha juani mpaka harufu ya vanishi iishe, maana mvuke ule ungeweza kuharibu jaribio. Lakini nakshi zilibaki. Hivyo ndivyo sanduku la maabara lilivyoingia Gitega kama bibi harusi, na majirani wakaja kulitazama.

Tuliweka ndani vichupa vyetu na kipimajoto, tukafunga kufuli, ufunguo ukabaki kwangu. Kila baada ya muda nilikwenda kuchukua kichupa kimoja, nikakipitisha kwenye mashine. Asubuhi yake Mama Keza ananisubiri mlangoni na swali lake. Mlima mmoja. Tena, mlima mmoja. Alikuwa anatembea akichechemea sasa, lakini anatabasamu. "Kwangu inalala vizuri," alisema. Alisema hivyo kama mtu anayelea mtoto wa mwingine.

Msimu huohuo ndipo dawa hizi zilipoanza kuvuma mjini. Alikuja mama mmoja kutoka Nyarutarama, gari zuri, dereva wake akabaki getini akipiga soga na mlinzi. Aliambiwa na rafiki yake kwamba hapa kwetu tunayo ile sindano ya kupunguza. Mkononi alikuwa na vichupa alivyoagiza kwa simu kutoka sijui wapi, vimeandikwa kwamba si vya kutumiwa na binadamu, akataka tumpimie. Nilimweleza kwa upole, nikamkalisha, nikampa maji. Nilimwambia hatuuzi, na kwamba hicho alichonacho asijichome, aende kwa daktari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na mwili wake.

Mama Keza alipita na beseni, akasikia. Mgeni alipoondoka aliniambia, "Yeye anatafuta kupungua na pesa. Mimi napungua bure." Akakusanya kiunoni kitenge alichokuwa amejifunga, akanionyesha kilivyomzidi. Sukari isiyotulia humkondesha mtu hivyo.

Tulicheka. Sijui kwa nini tulicheka.

Wageni wa shule wakija maabara, mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza kazi yetu, na nilikuwa na mfano niliojivunia. Nilikuwa nawaambia: kwa desturi yetu, mwenye nyumba akimkaribisha mgeni kinywaji, anaonja yeye kwanza, ndipo anampa. Tunaita gusogongera. Anamwonyesha mgeni kwamba kilicho ndani hakitamdhuru. Basi utafiti ndiyo huo. Sisi ni waonjaji wa kwanza. Panya wanaonja, mashine zinaonja, kisha watu wachache wanaokubali na kuangaliwa na madaktari, na mwisho kabisa mgeni anapewa. Wanafunzi walipenda mfano huo. Mama Keza alikuwa ameusikia mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Kidonda kilipofika kwenye mfupa, alikuja kwenye benchi langu mchana, wenzetu wakiwa wamekwenda kula. Hakuketi.

"Mama Shema, ile dawa iko kwangu. Iko juu ya kabati, mimi iko chini nalala. Usiku tunaangaliana."

Nilijua anakoelekea.

"Nipe moja. Moja tu. Wewe mwenyewe umeona iko mlima moja."

Nilimweleza. Mnanijua, mimi naeleza. Nilimwambia mlima mmoja maana yake ni kwamba dawa haijavunjika, si kwamba ni salama kuingia mwilini. Kwamba unga ule haukutengenezwa mahali safi pa kutengenezea sindano za watu, unaweza kuwa na uchafu wa vijidudu ambao mashine yetu haiuoni. Kwamba kipimo chake hakijulikani, na kwamba mwili uliodhoofika hauvumilii kutapika na kukosa kula. Kwamba dawa hii si ya kidonda, na sijui kama ingemfaa hata ingekuwa safi. Nikamwambia, nikiwa nimemshika mkono, bado hakuna aliyeonja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Muonjaji anakunywa kidogo, anapitisha," akasema. "Ninyi munaonja, munaonja, mtungi unakwisha. Na mgeni iko amekaa hapo, mdomo umekauka."

Akaondoka kwenda kuosha vyombo vyake.

Nilisema hapana, na mkiniuliza leo nitasema hapana, na ninyi mkiulizwa semeni hapana. Sitaki yeyote kati yenu asome habari hii akadhani nawafundisha kutoa vichupa mlango wa nyuma. Lakini msidhani pia kwamba kusema lililo sahihi kutawapa usingizi. Nilidhani hivyo nilipokuwa kijana. Nilidhani mtu akitenda sawa, jambo linakuwa sawa. Ni vitu viwili, na havijuani.

Tulikuwa tumebakiza hatua ya kutafuta kibali na wenza wa kuitengeneza dawa mahali panapofaa, ili watu wa kwanza waonje kweli. Wafadhili walikuja. Watu wa heshima, walikunywa chai yetu, walisifu milima yetu ya aina zote mbili, ya nje na ya kwenye skrini. Kisha wakaeleza kwamba mkondo umehama. Pesa sasa ziko kwenye kupunguza unene, kwa watu ambao friji si tatizo kwao. Unga wa mtu asiye na friji ni wazo zuri, wakasema, lakini nani ataununua.

Dogiteri Mugisha alinipa habari akiwa ametazama dirishani. "Tunapumzika kidogo, Mama Shema. Si kufunga. Kupumzika."

Nimeona miradi mingi ikipumzika. Inapumzika kama kuku anavyopumzika chunguni.

Wiki chache baadaye tukaletewa panya wanene na peptidi mpya za kuwajaribia, na kazi ikaendelea, na mishahara ikatoka. Panya wale waliacha chakula kwenye vyombo, wakakaa wakikitazama. Mama Keza alisimama mbele ya vizimba akiegemea fimbo. "Panya wa huku anakataa chakula," akasema. "Wa Gitega anakula sabuni." Huo ndio utani wake wa mwisho ninaoukumbuka akiwa kazini. Lile sanduku lilibaki kwake kwa sababu hakuna aliyetumwa kulichukua. Mradi uliopumzika hauna wa kumtuma, na mimi sikuwa na moyo wa kuingia nyumba ile kuchukua vichupa nilivyomnyima.

Walimkata mguu chini ya goti, kisha juu yake. Nilikwenda kumwona hospitali. Chini ya kitanda kulikuwa na Fanta zimejipanga kama kibandani, pamoja na juisi na mfuko wa sukari, kwa sababu kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na watu wanaleta wanachojua kuleta. Keza alikuwa akizigawa kwa wagonjwa wengine mmoja mmoja, kwa siri, ili waliozileta wasijue. Mama yake alimtazama, akanikonyeza. Hakuniuliza habari za mlima. Figo zilikuwa zimeanza kukataa. Nilimweleza Keza maana yake, kwa maneno mepesi, na Keza akanishukuru kwa kueleza. Nimeshukuriwa sana maishani kwa kueleza.

Alikufa kabla ya mvua kubwa.

Siku ya kumaliza msiba nilikwenda Gitega. Mwihangane, mwihangane, tukaambiana pole, tukapeana mikono, tukakaa kwenye viti vya kukodi mbele ya nyumba. Keza alitoka na kikombe cha kinywaji cha mtama. Alisimama mbele yangu, akaonja mkupuo mmoja mdogo, akafuta ukingo kwa kidole, akanipa kwa mikono miwili. Ni desturi, alikuwa amewafanyia wengine vilevile. Lakini nilikishika kikombe kile nikashindwa kukipeleka mdomoni, nikawaza jinsi kuonja kulivyo jambo la muda mfupi. Unaonja. Unapitisha. Nikanywa.

Watu walipoanza kuondoka aliniita ndani. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, nakshi zake zimefifia kwa moshi. Kufuli haikuwepo. Mahali pake palikuwa pamefungwa ukanda wa kitenge, fundo moja la kawaida ambalo hata mtoto angelifungua.

"Kufuli ilikufa zamani," Keza akasema. "Iliota kutu ikaanguka yenyewe."

Nikamwuliza zamani lini.

"Bado alikuwa na miguu yote. Nilimwambia, mama, si uchukue tu, nani atajua. Akasema ni ya kazi, tusiguse. Akafunga na hii."

Vichupa vyote vilikuwemo. Nilikagua vifuniko kimoja kimoja pale pale, mbele ya Keza, na bado naona haya kwamba nilivikagua. Hakuna kilichofunguliwa.

Nilipanda na sanduku maabara siku iliyofuata. Hakuna aliyekuwa anahitaji majibu yake. Mashine ilikuwa na kazi za panya, nikasubiri nafasi. Nilikiacha kichupa kimoja kikae joto la chumba, ingawa hakikuwa kimetoka kwenye baridi yoyote. Mikono ina desturi zake. Nikateremsha maji ukutani. Nikaviringisha. Hakukuwa na povu wala utando, maji yalikuwa safi kama ya kisima cha mawe. Nikaingiza sampuli, nikakaa.

Najua mnataka niwaambie kwamba mtapata tulichokikosa sisi. Huenda. Nyinyi ni wepesi, mna mirija bora, na baadhi yenu mna mikono mizuri kuliko yangu. Nimewaona na nimefurahi. Fanyeni kazi safi. Lakini sitawaahidi kwamba kazi safi inafika kwa mtu. Kuta ni nyingi na zote zina njaa. Ninachowaomba ni kwamba mjue mgeni wenu kwa jina, mjue anakaa wapi, na mnapoonja mmtazame usoni. Haitamponya. Ni kwamba tu mtu asikauke mdomo mbele yenu huku ninyi mkitazama mtungi.

Mstari ulikwenda bapa. Kisha ukaanza kupanda, ukapanda, ukafika kileleni, ukashuka. Nilingoja vilima. Havikuja. Dawa ilikuwa imekaa misimu yote ile chini ya bati, kwenye moshi, nyuma ya fundo la kitenge, na ilikuwa nzima kama siku tuliyoikausha.

Niligeukia mlango wa chumba cha kuoshea. Kulikuwa na msichana mpya, hanijui vizuri, akaniuliza kama ninahitaji kitu.

"Mlima mmoja," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akaendelea kuosha.

Kisha nikaisafisha mashine kama nilivyowafundisha, bila haraka, mpaka kila kilichobaki ndani kitoke. Nilikaa nikitazama skrini hadi mstari uliponyooka kabisa, nikazima.